Bodi Yangu Iling'ara kwa Video, Ikafa kwa Chumvi

Wacha niwaambie kitu ambacho sikuwahi kuposti.

Mwaka jana nilimtengenezea mama mdogo kifaa cha tangi. Ana nyumba za kupangisha Likoni, karibu na bahari, na watu walikuwa wamechoka kuamka usiku kuwasha na kuzima pampu. Kazi yenyewe si ngumu: sensa ndani ya tangi la juu, bodi ndogo, rilei moja. Maji yakipungua pampu inawaka, tangi likijaa inazima. Nikachukua video ya sekunde 30, nikaipandisha. Mliipenda. Wengine mkaniita injinia kwa komenti, nami nikakikubali hicho cheo.

Baada ya miezi minne, alfajiri, simu ikalia. "Wewe mtoto, hebu njoo uone." Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Tangi la juu lilikuwa limefurika usiku kucha, la chini likakauka, pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Familia sita hazina maji asubuhi, watoto wanaenda shule, na mtu wa kulaumiwa ni injinia wa komenti.

Nikaipeleka bodi kwa fundi wa redio mtaani. Mzee hakugusa hata multimita. Alifungua kiboksi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: unga wa kijani juu ya shaba.

"Bodi uliiacha uchi, mwanangu. Hapa pwani hata mlango wa chuma tunaupaka rangi."

Nikajitetea kwamba ilikuwa ndani ya boksi. Akacheka. Waya unapopita, hewa pia inapita. Mchana boksi linapata joto, usiku linapoa, na unyevu unatulia ndani, juu ya bodi yako.

Basi hivi ndivyo ilivyokufa. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75, na Mombasa tunapita hapo asubuhi nyingi tu. Sasa una maji ya chumvi, yaani kitu kinachopitisha umeme, kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana kabisa. Ongeza mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemia ambayo sikuisafisha, na mambo yanaharibika haraka zaidi. Kwangu mkondo mdogo ulikuwa unavuja, ukaishikilia rilei iwake hata tangi likiwa limejaa. Programu yangu haikuwa na kosa lolote. Nilishaisoma mara kumi nikitafuta kosa huko.

Dawa yake ni kupaka bodi utando wa kinga. Ni vanishi maalum inayokauka ikawa ngozi nyembamba, mara nyingi mikroni 25 hadi 75, karibu unene wa unywele au chini yake. Ziko aina kadhaa. Akriliki ndiyo rahisi kwetu: unapuliza au unapaka kwa brashi, na ukitaka kurekebisha bodi baadaye unaiyeyusha kwa kiyeyushi chake. Silikoni inavumilia joto zaidi. Poliurethani ni ngumu kwa kemikali, lakini kuitoa ni kazi. Rangi ya kucha? Najua wengi wetu tumeitumia. Haikutengenezewa joto la saketi, kwa hiyo usiitegemee kwa kazi ya mtu.

Mzee alinisimamia nikipaka ya pili. Kwanza jaribu bodi ifanye kazi, maana ukipaka kosa, umelifungia ndani. Kisha isafishe kwa mswaki na spiriti ya isopropili, uiache ikauke kabisa. Ukipaka juu ya chumvi, umeifunika tu, itaendelea kula. Funika kwa tepu viunganishi, swichi, tundu la chaja na sensa, kwa sababu utando ukiingia hapo umeme haupiti. Paka tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali, maana mvuke wake unashika moto.

Halafu akafanya kitu kilichonifurahisha: akatoa ile taa ya kukagulia noti bandia, akaimulika bodi gizani. Vanishi nyingi za aina hii huwa na rangi inayong'aa buluu chini ya mwanga huo. Pale pasipong'aa, umeruka. Nilikuwa nimeruka pembe mbili.

Tusidanganyane pia: utando huu hauigeuzi bodi kuwa samaki. Ukiitumbukiza majini itakufa. Unazuia unyevu, vumbi na chumvi, basi.

Sasa maoni yangu. Sisi vijana wa "nimejitengenezea mwenyewe" tunapenda siku ya kwanza. Taa inawaka, tunarekodi, tunasepa. Lakini mama mdogo hakununua siku ya kwanza. Alinunua usiku wa kulala bila kufikiria pampu. Kopo moja la vanishi linapaka bodi nyingi, na mimi nililiruka kwa sababu halionekani kwa kamera. Pampu mpya nimeilipa kwa awamu, miezi mitatu. Pesa zimeisha, ila kumtazama yule mpangaji wa nyumba ya mwisho, aliyebeba mitungi asubuhi ile, bado ni shida.

Kifaa kipya kimepita mvua za masika. Kila mwezi napanda juu na taa yangu, nakagua. Mama mdogo ananiangalia tu kutoka chini, bado hajaniita injinia.

Kama una kitu ulichounda kinachokaa nje, kifungue wikendi hii uangalie shaba yake. Kisha uje hapa uniambie ulichokuta, hata kama ni kijani.