Lodwar na Kakuma: Miti Yenye Wenyewe

Msomaji anayelima Nyeri au Kitale akiambiwa kwamba katika nchi ya Waturkana kuna mwitu, huenda atacheka. Hata mimi nilicheka. Toka Kitale gari huteremka milima, na baridi ikiisha huoni ila mchanga, mawe na vichaka vya miiba. Lakini ufikapo Lodwar waiona migunga na mikoma imesimama kando ya mto Turkwel, kijani kibichi katikati ya joto kali.

Katika mji huu ndimo Mzee Jomo Kenyatta alimowekwa kizuizini toka 1959 hata 1961. Habari hizo ndizo nilizozifuata, walakini kilichonishughulisha zaidi ni miti.

Asubuhi moja nilikata kitawi cha mgunga kiwe fimbo yangu. Mzee mmoja mchunga mbuzi akanijia.

"Mwanangu, umemwomba nani?"

"Niwie radhi, baba. Nilidhani mti wa porini hauna mwenyewe."

Hakukasirika. Akanieleza kwamba kipande kile cha mwitu huitwa ekwar, nacho ni cha jamaa yake toka zamani za babu yake. Kiangazi nyasi zikiisha, mbuzi huishi kwa matunda ya mgunga, yaani ngitit, na mgeni atakaye kulisha huja kwanza kuomba. Majani ya mkoma wanawake hufumia vikapu, na tunda lake hutafunwa. Niliona haya, maana kwetu pasipo seng'enge twadhani ni bure.

Kakuma iko mbele zaidi, kadiri ya kilomita 120, kando ya mto Tarach ambao aghlabu ni mchanga mtupu. Tangu 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, pana kambi ya wakimbizi, na sasa wamo pia Wasomali, Wakongo na wengineo, jumla yao ni zaidi ya laki mbili. Wote hao hupika. Kwa miaka mingi wamegawiwa kuni zisizotosha, basi wanawake wa Kiturkana huwauzia kuni na makaa, au hubadilishana nao kwa unga.

Nilimwuliza mama mmoja mwenye gunia la makaa, je, mti huo ulikuwa wa nani?

"Ni mathenge," alisema, yaani ule mti wa miiba ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980, ukaenea kupita kiasi. "Huo hauna mwenyewe."

"Na mgunga, mama, hauchomwi?"

Alilifunga gunia lake, asinijibu.