Kandanda ya Viziwi

Huku Morogoro na vijijini juu ya milima ya Uluguru, tumewaona wazazi wamfichao nyumbani mtoto kiziwi, wakidhani kuwa asiyesikia hafai kwa masomo wala kwa mchezo. Hao ndio tuwakusudiao kwa habari hii.

Mwaka 1924 Mfaransa Eugène Rubens-Alcais, naye mwenyewe ni kiziwi, aliwakutanisha mjini Paris wachezaji viziwi wa nchi 9, na kandanda ilikuwamo. Michezo hiyo ndiyo iitwayo leo Deaflympics. Jirani zetu wa Kenya waliingia mwaka 1989, na kandanda ya wanawake ikaongezwa mwaka 2005 huko Melbourne. Kombe la dunia la viziwi lilianza mwaka 2008 mjini Patras, Ugiriki, likatwaliwa na Wajerumani; mwaka 2012 Waturuki, ndugu zetu katika dini, wakalitwaa kwao Ankara.

Aingiaye uwanjani huvua chombo chake cha kusikilizia, ili wote wawe sawa. Na kwa kuwa filimbi haiwafai, mwamuzi hupunga bendera.

Jambo hili la bendera halikutushangaza. Chuoni kwetu yumo kijana kiziwi, ajifunzaye herufi kwa kutazama kidole na midomo yetu. Wakicheza baada ya alasiri, wenzake humpungia kofia zao, bila ya kufundishwa na mtu. Baba yake, aliyemleta kutoka milimani kwa kusitasita, siku hizi hushuka kumtazama.