Nairobi na Deni la Maji

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Jina la Nairobi latokana na Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1899, palikuwa ni kinamasi. Mito ilikuwa na njia zake, na ardhi tepetepe iliyapokea maji ya masika. Leo hii sehemu kubwa ya ardhi hiyo imefunikwa kwa lami na saruji.

Hata hivyo, maji hufuata mkondo. Katika masika ya mwaka wa 2024, Mto Mathare ulifurika, ukasomba nyumba na kuangamiza maisha. Punde si punde serikali iliwaamuru wakazi wa kingoni wahame, na matingatinga yakabomoa makao yao. Je, ni haki? Mkazi wa kibanda cha mabati hakuteremka bondeni kwa kupenda. Alisukumwa na kodi ya nyumba asiyoimudu. Kumfukuza bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia ukingo mwingine.

Kiswahili nacho kina funzo. Taka ni uchafu. Taka pia ni kitenzi cha tamaa. Jiji linalotaka kila kiwanja huishia kuzingirwa na taka. Jalala la Dandora limepakana na Mto Nairobi wenyewe, na mifereji iliyozibwa na uchafu haiwezi kupitisha mvua. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilisaidia, lakini marufuku pekee haizoi taka mitaani.

Aidha, yapo mambo ya kutia moyo. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, na mradi ukaachwa. Mwaka wa 1999 alijeruhiwa alipokwenda kupanda mti Karura, msitu uliokuwa ukigawiwa wastawishaji wa ardhi. Msitu huo, wenye takriban hektari 1,000, ungali unainywa mvua ambayo ingetiririka kwa kasi mabondeni.

Basi, jiji la kudumu halijengwi kwa miche ya siku za sherehe tu. Hujengwa na wanaothubutu kukataa kabla kiwanja hakijauzwa, na viongozi wanaomjengea maskini makao kabla ya kumwondoa mtoni. Maji yanadai njia yake. Deni hilo lisilipwe na wanyonge peke yao.