Wingu Limeondoka, Sukari Imebaki

Ndugu vijana, ninawaandikia juu ya macho mawili ya mtu mmoja. Ni macho ya Mama Mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea katika lupango letu hapa Kasapa. Yote mawili yalipasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho, wala hayakupata matunda sawa. Sehemu ya sababu ni mimi.

Jicho la kuume lilitangulia, mwezi wa kumi, jakaranda zikiwa zimechanua. Bandeji ilipoondolewa tulipanda taksi kurudi nyumbani, naye akamwomba dereva asimame kando ya miti. Akaniuliza, “Baba, maua haya yalikuwa na rangi hii siku zote?” Baadaye nilijifunza kwamba lenzi ya jicho inapochakaa hugeuka manjano, kisha kahawia, ikazuia rangi ya bluu na zambarau. Kwa miaka mingi alikuwa ameyatazama maua yale kama kupitia chupa ya kahawia.

Furaha yangu ya siku ile ilizaa kosa. Mama Mkubwa ana ugonjwa wa sukari tangu zamani, na daktari alituagiza turudi kila mwaka ili achunguze nyuma ya jicho. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mitihani. Mwaka wa pili fedha hazikutosha. Mwaka wa tatu sikutafuta tena sababu: jicho linaona, twende kufanya nini? Sukari tuliipima mara chache. Jioni alikunywa munkoyo wake mtamu, nami nikanyamaza, maana sikupenda kumkasirisha.

Baada ya miaka 4 ikafika zamu ya jicho la kushoto. Sukari ilikutwa juu mno, upasuaji ukaahirishwa hadi itulie. Wingu la jicho lilikuwa zito kiasi kwamba daktari hakuweza kuona vema yaliyo nyuma yake, naye alituonya. Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kufungua bandeji, Mama Mkubwa alifunika jicho la kuume kwa kiganja, akanitazama kwa muda mrefu. “Masikio yako ninayaona, baba,” akasema. “Uso wako siuoni.”

Daktari alinieleza kwa upole. Jicho ni kama chumba chenye dirisha mbele na ukuta nyuma. Upasuaji hubadili kioo cha dirisha: lenzi iliyochafuka hutolewa, na mahali pake huwekwa lenzi ndogo ya kutengenezwa, njia iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Lakini picha hupokewa ukutani, yaani kwenye retina, ambayo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikizidi kwa miaka, mishipa hiyo huvuja, mingine huziba. Katikati ya retina ikivimba, nyuso za watu hupotea hata kioo kikiwa safi. Tena, upasuaji wenyewe waweza kuzidisha uvimbe katika retina iliyokwisha kudhuriwa. Sukari hiyohiyo ndiyo inayoharakisha mtoto wa jicho. Adui anayeziba dirisha ndiye anayebomoa ukuta, nasi tulimwona dirishani tu.

Msiogope upasuaji kwa sababu ya habari hii. Mgonjwa wa sukari mwenye retina nzima huweza kuona vizuri kabisa baada yake. Jicho la kuume ni shahidi. Wapelekeni wazee wenu mapema, kabla wingu halijawa zito. Ombeni retina ichunguzwe kabla ya upasuaji, na baada yake kila mwaka, hata kama mzee anasema anaona vema, kwa maana retina huharibika bila maumivu. Dawa za matone zisikatizwe. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likififia, rudini siku ileile.

Injili ya Marko yasimulia juu ya kipofu wa Betsaida, ambaye Yesu alimwekea mikono mara mbili. Mara ya kwanza aliona, lakini hakuona sawasawa. Zamani nilijiuliza kwa nini mara moja haikutosha. Leo simulizi hiyo hunikumbusha kwamba mimi niliondoka baada ya mara ya kwanza.

Retina ya kuume nayo ilikutwa imeanza kudhurika, lakini ililindwa kwa mionzi ya leza. Jicho la kushoto bado halioni nyuso. Siku hizi tarehe za daktari ninazishika mimi, na kijidaftari cha sukari kimo mfukoni mwangu. Mwezi wa kumi uliopita tulipita tena chini ya jakaranda. Alifumba jicho la kushoto, akatazama juu kwa kimya, kisha akaniuliza ni lini tunarudi kwa daktari.