Usia wa Kila Siku

Waswahili hatuna uchache wa maneno juu ya malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; samaki mkunje angali mbichi; asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi, kwa dhahiri yake, zimetungwa na watu wazima, na zote zamtazama mtoto kama kitu kinachofanyiwa kazi: hulelewa, hukunjwa, hufunzwa. Methali iliyotungwa na mtoto juu ya wazee wake sijapata kuisikia, ingawa nina hakika kwamba watoto wangu watatu, wakipewa fursa, wataitunga kabla chai haijapoa.

Washairi wa mwambao nao wana njia yao ya kulishika jambo hili, nayo ni njia ya usia. Mashuhuri kuliko wote ni Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa, na katika utendi wenyewe anaeleza jinsi maradhi yalivyomkalia muda mrefu. Anamwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi, akae kitako, asikilize. Karibu miaka 100 baadaye Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, akaifuata njia hiyo hiyo: akamtungia binti yake utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia utenzi wa Adili. Mzazi anasema, mtoto anaandika moyoni. Ndivyo usia ulivyo.

Mimi ni mtu wa kazi hii ya maneno. Ushairi sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwa kusikiliza, kisha kwa kunakili, kisha kwa kutafsiri. Kwa sababu hiyo tenzi hizi zimekaa nyumbani kwangu kama jamaa wa karibu, na watoto wamekua wakizisikia. Lakini kuzisikia ni jambo moja, na kuzikubali ni jambo jingine.

Binti yangu mkubwa aliusoma utendi wa Mwana Kupona kwa ukamilifu mwaka 2019, alipokuwa na umri wa miaka 17. Aliusoma usiku mmoja, toka mwanzo hadi tamati. Asubuhi, tukinywa chai kwa mkate wa ufuta, akaniuliza:

"Baba, huyu Mwana Kupona si alikuwa na mtoto wa kiume pia?"

Nikamjibu kuwa ndiyo, alikuwa naye.

"Basi yeye aliusiwa nini?"

Mama yake akacheka chini chini, akaniachia mimi swali lile pamoja na birika la chai.

Msomaji anayeujua utendi huo anafahamu uzito wa swali. Humo mama anamwambia binti kwamba anahitaji radhi za watano: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano ni mume. Kisha beti nyingi zinaeleza namna mume anavyotunzwa, anavyolazwa, anavyosemeshwa. Kijana wa kike wa zama zetu, aliyesoma skuli na chuoni sambamba na kaka zake, tena akawapita, hawezi kuzipita beti hizo bila kusimama.

Nilimjibu kwanza kama mtafsiri. Nikamwambia kuwa mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke tu, na tangu hapo wengi wameusoma kupitia mlango huo mwembamba. Ilhali ndani yake mna dini, mna adabu ya ulimi, mna ukweli wa ahadi, mna kumbukumbu ya mwanamke aliyeishi na mumewe kwa mapenzi, na mwishoni mna dua ndefu ya mgonjwa anayewaombea watu wake. Nikamwambia pia amtazame anayesema na pale anaposimama. Siyu ilikuwa imepigana na majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840. Bwana Mataka amekwisha kufa. Mama mwenyewe yuko kitandani, na binti anakaribia kubaki hana baba wala mama. Katika hali kama ile, mume mwema ndiyo ngome pekee aliyoweza kumwonesha mwanawe, basi akamfundisha namna ya kuishi ndani ya ngome hiyo kwa amani.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa upole wote: "Nimemfahamu, Baba. Lakini kumfahamu mtu si kumtii."

Sikuwa na jawabu la haraka, na hata sasa sidhani kama jawabu lilitakiwa. Wapenzi wa ushairi tuna tabia ya kudhani kuwa urithi hupokewa wote au hukataliwa wote. Binti yangu siku ile alifanya jambo la tatu: aliupokea utendi, akauhifadhi beti nyingi, akazipenda dua zake, na akabaki na swali lake mkononi. Huko ndiko kusoma.

Swali lenyewe halikuishia kwenye kitabu. Lilihamia jikoni. Yule mdogo wake wa kiume akaanza kupewa zamu ya vyombo, na mama yangu, ambaye wakati ule alikuwa angali hai nasi tukikaa naye, hakupendezwa. "Mwanamume aoshe vyombo, na dada zake wapo?" Mke wangu akamjibu kwa adabu: "Mama, hata yeye amekula." Bibi akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake. Baada ya siku chache nilimsikia akimfundisha mjukuu wake namna ya kusugua sufuria la pilau kwa jivu na kumbi la nazi ili ukoko utoke. Hakusema kuwa amebadili rai. Alimfundisha tu, kwa kuwa kazi ikifanywa vibaya mbele yake hawezi kuvumilia. Nilitambua hapo kuwa usia mwingi katika nyumba zetu hupita kwa njia ya mikono, na aghalabu hauna hata ubeti mmoja.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na maneno yake yalikuwa machache kuliko misumari aliyokuwa nayo mdomoni. Alinifundisha kukalafati: kuzijaza pamba zile nafasi baina ya ubao na ubao ili chombo kisiingize maji. Mwanafunzi hushindilia kwa nguvu zake zote akidhani kuwa kukaza ndiko kuhifadhi. Baba alikuwa akiniondolea nyundo mkononi. Mbao zikiingia majini hunywa maji na kuvimba, na pamba iliyozidi huzisukuma zikaachana. Sharti uibakishie bahari kazi yake. Hakuwahi kuniambia kuwa ndivyo watoto wanavyolelewa, wala sidhani kama aliwaza hivyo. Lakini mimi nimekuwa na watoto, na kila ninapotaka kumalizia neno la mwisho mbele yao, namwona akinyoosha mkono kuitaka nyundo.

Kuna wakati ambapo maneno yalikuwa ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo. Ndugu zangu wa Unguja hawajasahau kiza kile cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila ya umeme, baada ya njia ile ya chini ya bahari iletayo umeme kutoka Bara kuharibika. Mkubwa wangu alikuwa na miaka 7, na wa mwisho alikuwa ananyonya. Maji yalikuwa ya kuteka na kubeba, biashara zilizorota, na sauti za majenereta ya wenye uwezo zilikuwa zikituamsha. Sitaki kukipamba kiza kile, kiliwatesa watu. Lakini kila jioni tulitandika mkeka uani, tukawasha kandili, na bibi yao akaita "Paukwa!" nao wakaitika "Pakawa!" Hadithi zilipokwisha tukatega vitendawili, vitendawili vilipokwisha wakaanza kutunga vyao, vibovu vibovu, na sote tukatakiwa kushindwa ili tutoe mji. Nimetafsiri vitabu kadhaa katika umri wangu. Sijui kama kuna ukurasa wowote humo uliowafaa wanangu kama miji ile tuliyowapa.

Nayasema haya sasa kwa kuwa yule binti wa swali la mkate wa ufuta anaolewa. Inshallah, baada ya miezi miwili nitakuwa walii wake. Kwa desturi yetu nitaingia ndani kabla ya akdi kumtaka idhini yake, naye atajibu kwa sauti ya kusikika, kisha nitatoka kwa wanaume kusema maneno ambayo, yakishatamkwa, humhamisha mtoto nyumba. Somo wake atamfunza ya kwake. Mama yake ana yake, ambayo sitayasikia. Mwenyewe akaja kwangu na ombi: anataka utenzi. Nilifurahi, kama mshairi yeyote atakavyofurahi akiagizwa kazi na mtu ampendaye. Nikauliza ni beti ngapi.

"Zozote, Baba. Lakini uwaite wawili."

Maana yake nimeifahamu. Mwenye kuletewa wino na karatasi asiwe yeye peke yake. Na mume naye akae kitako, asikilize. Mkwe wangu mtarajiwa, kijana mpole anayefanya kazi bandarini, alipoambiwa alicheka, akasema kuwa yeye hajui ushairi lakini kusikiliza anajua. Jibu hilo lilinipendeza kuliko mahari.

Kazi hii ni ngumu kuliko nilivyodhani. Bahari ya utenzi, yenye mizani nane na vina vyake, imezoea kumwita mtu mmoja: mwanangu, njoo. Ukiwaita wawili kila kitu husogea. Radhi huwa za kupeana. Jiko huwa la wote. Siri ya nyumba huwa amana ya watu wawili, wala si mzigo wa mmoja. Hata ubeti wa subira, ambao kwa mazoea tumemtwika mwanamke, nimelazimika kuukata katikati ili kila mmoja achukue upande wake. Dua peke yake ndizo hazikutaka marekebisho. Hizo nimezipokea kwa Mwana Kupona kama zilivyo katika nia yake, mama anayewaombea wale atakaowaacha.

Mpaka leo ninazo beti 31. Nilimsomea binti yangu 10 za mwanzo. 9 akazikubali, na moja akairudisha, akasema kina kimekaa sawa lakini maneno yanamsifu mwanamke kwa kunyamaza. Nimeuandika upya ubeti huo mara mbili, na bado haujatulia. Mwezi mmoja na nusu umebaki, na kwa kadiri ninavyomjua, hatanipa idhini yake kwa ubeti ulio nusu.