Kwa Nini Hatukuandika Mwezi Uliopita



Mwezi uliopita ukurasa huu wa lugha ulikosa makala, na mhariri akaujaza kwa ratiba ya madarasa ya watoto. Baadhi yenu mlituuliza, dukani na harusini, kama tumesafiri. Hatukusafiri. Tulikuwa tunaogopa, na mtu aliyeshikwa na hofu hana moyo wa kueleza ngeli. (Ieleweke kwamba "sisi" hii ni ya mwalimu mmoja mstaafu; ni mazoea ya ubaoni, si wingi wa watu.)

Mambo yalianza kwa mwasho. Ngozi iliwasha usiku kucha. Tukailaumu sabuni mpya, kisha tukaulaumu mtambo wa joto wa nyumba hizi za Uingereza, ambao humkausha mtu kama ng'onda. Mkojo ukawa na rangi ya chai kavu iliyokolea, na hilo nalo tukalinyamazia. Ni mwenzetu wa nyumbani ambaye asubuhi moja alitushika kidevu karibu na dirisha, akauvuta ukope wa chini kwa kidole, akasema: "Baba watoto, macho yako yamekuwa manjano."

Daktari wa mtaa hakukawia. Damu ilipimwa, kikafuata kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha CT skani, na hospitali ikatueleza kwamba mrija wa nyongo umebanwa pale unapopita kwenye kichwa cha kongosho. Huenda ni kijiwe, huenda ni uvimbe wa kawaida, huenda ni kitu kingine. Daktari alikitaja hicho kitu kingine kwa jina lake. Tuliporudi nyumbani tulimwambia mwenzetu kwamba ni kijiwe.

Sisi tulifundisha Bayolojia zaidi ya miaka ishirini, Unguja na baadaye hapa. Kila mwaka tulilichora kongosho kwa chaki ya manjano: jani refu lililolazwa nyuma ya mfuko wa tumbo, urefu wake kama sentimita 15, kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni na mkia wake ukielekea kwenye wengu. Tulipenda kuwasimulia wanafunzi kwamba ni katika London hii hii, mwaka 1902, Bayliss na Starling walipoonyesha kuwa utumbo hulipelekea kongosho ujumbe kwa njia ya damu, wala si kwa neva peke yake, na kwamba miaka mitatu baadaye Starling akalileta neno "homoni". Wanafunzi waliandika. Hakuna aliyeuliza itakuwaje njia ile ikizibwa, na mwalimu naye hakujiuliza. Sasa tulikuwa tunalala chali usiku, mkono chini ya mbavu, tukiiona ile picha ya chaki.

Barua ilifika: tusubiri siku kumi na moja. Kipimo chenyewe hospitalini hukiita kwa herufi nne tu, ERCP. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni, hushuka kooni na tumboni hadi duodeni. Hapo daktari hulitafuta tundu dogo ambamo mirija ya nyongo na ya kongosho hufungukia, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Akiona pamebanwa, aweza kutoa kijiwe, kuchukua seli kwa brashi ndogo, au kuacha kijibomba cha plastiki ili nyongo ipate kupita. Jambo hili lilifanywa kwanza Marekani mwaka 1968, na mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani wakatoa taarifa za kuupasua kidogo mlango wa tundu hilo ili vijiwe vitoke. Tulisoma yote hayo, kwani mwalimu akiogopa husoma. Hayakutusaidia kulala.

Sababu ni kwamba kipimo hiki tulikuwa tumekwisha kukiona, na hili hatujapata kumwambia mtu.

Wengi wenu mnajua kwamba kwa miaka mingi tuliwasindikiza wazee wetu hospitalini ili kuwatafsiria. Mzee mmoja, ambaye hatutamtaja, alitakiwa kufanyiwa kipimo hiki hiki. Daktari alisema kwamba katika kila watu ishirini, mmoja hivi hupata uvimbe wa kongosho baada yake, na kwamba mara chache uvimbe huo huwa mkali. Mzee akatugeukia: "Anasemaje, Mwalimu?" Tukamtazama, mtu mzima amevaa koti la kuazima, miguu haigusi sakafu pale kitandani, tukasema: "Anasema hamna neno, mzee. Jambo dogo." Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, taratibu sana.

Akawa ndiye huyo mmoja. Alilazwa zaidi ya wiki mbili, kwa maumivu ambayo hatupendi kuyaeleza. Siku moja alituuliza, bila ukali wowote: "Kumbe daktari hakujua kuwa haya hutokea?" Tukajibu: "Hakujua, mzee." Alipona, akarudi Unguja, akafariki miaka michache baadaye kwa maradhi mengine. Hadi mwisho aliamini kwamba aliyemkosea ni daktari.

Basi katika siku zile kumi na moja hofu ya mpira ilikuwa ndogo. Kilichotukosesha usingizi ni kwamba tulijua kwa hakika jinsi habari mbaya inavyoweza kulainishwa na mtu mwenye nia njema, na sasa hatukuliamini neno la upole la mtu yeyote. Kila daktari aliyetabasamu tulimwona kama sisi.

Siku ya kutia sahihi mwenzetu alikataa kubaki nyumbani. Daktari alipoanza kueleza, muuguzi aliona kwamba mama huyu anatikisa kichwa bila kuelewa, akauliza kama aite mkalimani kwa simu, maana huduma hiyo haina malipo. Tulitaka kukataa. Sisi, mwalimu wa lugha, tuletewe mkalimani? Kisha tukakumbuka lile koti la kuazima, tukakubali.

Simu ikawekwa mezani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na kwa lafudhi tukaijua ni ya Mombasa. Hakupunguza wala hakuongeza. "Mama, daktari anasema anachotaka kukihakikisha ni kama mume wako ana saratani." Sisi katika jamii yetu husema "maradhi yale", au hunyamaza. Neno lilibaki mezani pale pamoja na simu. Mwenzetu aliitazama simu kwa muda, kisha akasema: "Muulize daktari, atasikia maumivu?" Akajibiwa. Akasema tena: "Muulize, nani aliyesema kwamba ni kijiwe?" Mkalimani, kwa uaminifu wa kazi yake, akalitafsiri na hilo. Daktari akatutazama sisi.

Tulielezwa yote: uvimbe wa kongosho, kutokwa damu, kutoboka utumbo, kila kimoja kwa makadirio yake. Tulielezwa pia kwamba siku hizi mgonjwa huwekewa dawa kwa njia ya haja kubwa ili kupunguza hatari ya uvimbe. Utafiti mkubwa wa mwaka 2012 ulionyesha manufaa ya tiba ya aina hiyo. (Wasomaji wenye haya watusamehe, mzee yule alitangulia dawa hiyo.) Tukatia sahihi. Mwenzetu hakusema nasi neno hadi basi lilipofika kituo chetu.

Siku yenyewe ilipita upesi kuliko kuihadithia. Saa sita bila chakula; meno ya bandia yakatiwa kwenye kikombe; kooni tukapuliziwa dawa ya ganzi yenye ladha ya ndizi, ndizi ya kiwandani ambayo haijapata kuliona shamba la Dole. Tukalazwa kifudifudi, ikaingia dawa ya usingizi mkononi, na kilichofuata hatukijui. Tulipofumbua macho mwenzetu alikuwa ameketi kando, mkoba mapajani, na kitu cha kwanza alichosema ni: "Wamenieleza wenyewe. Hukuwa na haja ya kuniambia." Hatukupata uvimbe.

Kijiwe hakikuonekana. Kijibomba kimewekwa na macho yamerudi meupe. Majibu ya brashi yanasema seli za saratani hazikuonekana, lakini daktari ameeleza wazi kwamba brashi huweza kuikosa, hivyo tutapigwa picha nyingine baada ya miezi mitatu. Safari hii tulimweleza mwenzetu sentensi kwa sentensi, pamoja na ile ya mwisho.

Wiki iliyopita tulimpigia simu mtoto wa marehemu, huko Unguja, tukamweleza tulichomtafsiria baba yake na tulichomjibu baadaye. Alikaa kimya hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Mzee alikuwa akikuombea dua, Mwalimu, mpaka mwisho wake." Hatukuwa na la kujibu.

Picha ni mwezi wa tatu. Mwezi ujao, inshallah, tutarudi kwenye ngeli.