Uchunguzi Uliotuepusha na Dhulma

Jumamosi ile tulipovunja mlango wa nyumba ya shambani ya baba yetu mdogo, tulimkuta ameshafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwili ulikuwa umefura, uso umekuwa mweusi, na maji ya rangi ya damu yamemtoka puani na kinywani. Mgongoni alikuwa na mabaka ya zambarau. Sote tulisema neno moja: amepigwa.

Haikupita saa moja tukawa tumekwisha kumtaja muuaji. Kijana aliyekuwa akimlimia alikuwa ameondoka Jumatano kurudi kwao, na ujira wake mkononi. Baadhi yetu walitaka afuatwe usiku uleule. Waliobaki tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ridhaa.

Polisi walipouchukua mwili, tulinung'unika, kwani tumeagizwa kuharakisha maziko. Imamu wetu akatutuliza: palipo na tuhuma ya kuua, kuna haki ya aliyekufa na haki ya anayetuhumiwa, na kuzingojea haki hizo si kumvunjia marehemu heshima. Akatukumbusha kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.), jinsi ilivyochanika kwa nyuma ikadhihirisha kwamba hakuwa na hatia.

Jumapili asubuhi daktari alituketisha akatueleza. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini wa mwili. Marehemu alilala chali, na hayo ndiyo mabaka ya mgongoni. Bakteria waliomo matumboni huanza kuuozesha mwili na kutoa gesi. Gesi hiyo hufurisha tumbo na kusukuma maji machafu yatoke puani na kinywani. Kwa joto la pwani, siku moja au mbili zatosha. Hapakuwa na jeraha wala mfupa uliovunjika. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba.

Kisha akazungumzia funza, nasi tukainamisha vichwa. Nzi wakipata upenyo hutaga juu ya maiti katika saa za mwanzo, na umri wa funza waliotangulia huonyesha siku zilizopita. Hawa walikuwa wadogo mno kwa mtu aliyekufa Jumatano. Kwa dalili zote pamoja, alikadiria kifo kuwa Alhamisi jioni au usiku wake. Wakati huo kijana alikuwa kwao, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1247 hakimu wa China aitwaye Song Ci aliandika kitabu cha uchunguzi wa vifo, na humo mna kisa cha nzi waliokusanyika kwenye mundu mmoja kati ya mingi, wakamfichua muuaji. Kwetu sisi, nzi walimwondolea tuhuma asiyeua.

Tuliporudi, mwenye duka akasema kwamba marehemu alinunua sukari kwake Alhamisi adhuhuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Waoshaji walimmiminia maji taratibu bila kumsugua, kwa kuwa ngozi ilikuwa ikiachia. Tukamswalia baada ya Alasiri, tukamzika.

Jumatatu tulikwenda kwao kijana kuomba radhi, kwani uvumi ulikwisha kututangulia. Yeye alitusamehe. Mama yake alitutengea chai, lakini hakuketi nasi.

Ndugu zetu, msiba ukiwafika wa namna hii, msiogopeshwe na jina la uchunguzi wa maiti. Ombeni ufanywe upesi na kwa staha, na ndimi zingoje majibu. Sisi tulikuwa tayari kumzika mmoja na kumwangamiza mwingine kwa mabaka tusiyoyajua. Allah (S.W.) amrehemu baba yetu mdogo, na atusamehe kwa yale tuliyoyasema usiku wa Jumamosi.